Ameacha Watoto Wawili

Miembeni, Bukoba
14 Julai 2024

Kaka yangu Rwekaza,

Nakusalimu wewe, wifi Celina na wote mlio hapo Kamachumu. Huku kwangu tu wazima, isipokuwa goti langu, ambalo likiona wingu tu linaanza kulalamika. Saburi amepata kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Siku hizi mwanangu huyo anazungumza habari za mabati asubuhi, mchana na jioni.

Naandika kwa sababu simu imetushinda. Mara ya mwisho tulipigiana kelele mpaka mpangaji wangu Hussein akaja kuuliza kama tumepata msiba mwingine. Basi tufanye kama Baba alivyotufundisha: ukiwa na hasira iandike, na wino ukikauka uisome kwanza kabla ya kuituma. Barua nampa Oliva, yule anayeleta ndizi sokoni.

Kaka, Mama tulimzika tarehe tisa Machi. Kesho yake Mihayo aliondoka kabla ya chai, na begi moja, na mpaka leo hakuna ajuaye alipo. Wewe unajua sababu. Pale kaburini ulisomwa wasifu wa marehemu, na usharika wote ukasikia: "Ameacha watoto wawili, Rwekaza na Judica, wajukuu saba na vitukuu wawili." Mihayo alikuwa amesimama juu ya udongo alioutoa yeye mwenyewe, beleshi mkononi. Miaka thelathini na tisa amekuwa mdogo wetu. Miaka sita ya mwisho yeye ndiye aliyemgeuza Mama kitandani, akamwogesha, akamlisha. Halafu anasikia mbele za watu kwamba Mama hakuwahi kuwa na mtoto kama yeye.

Wewe ndiye mrithi wa nyumba ya Baba. Mtafute umrudishe nyumbani. Kwa leo naishia hapo, nisije nikaandika nitakayoyajutia.

Mdogo wako,
Judica


Kamachumu
6 Agosti 2024

Mdogo wangu Judica,

Barua yako Oliva aliikalia wiki mbili kwenye kapu lake, imenifikia ikinukia ndizi mbivu. Nashukuru kusikia mko wazima. Celina anasema goti ulikande kwa maji ya moto na upunguze kuzunguka mtaani kusuluhisha ndoa za watu.

Kahawa mwaka huu ina bei ya kuridhisha, lakini mikono ya kuchuma hakuna. Migomba ya upande wa bondeni imeshikwa na mnyauko. Nimekata mashina kumi na mawili peke yangu na mgongo umenigomea. Zamani kazi hiyo haikuwa yangu.

Kuhusu jambo lako. Mihayo ni mtu mzima wa miaka arobaini na ushee. Hakuna aliyemfukuza. Baba mdogo Rutaihwa anasema amekwenda kwa watu wake, kwa sababu damu ni nzito kuliko maji. Mimi sisemi hivyo, nakuandikia yanayosemwa. Siku ile mimi nilisoma karatasi niliyopewa, na macho yangu unayajua.

Tuombeane.

Kaka yako,
Rwekaza


Miembeni
25 Agosti 2024

Kaka Rwekaza,

Wote wazima. Salamu nazifupisha kwa sababu nimekasirika.

Baba mdogo Rutaihwa anatuambia habari za damu! Alikuwa wapi yeye, wakati Baba alipokuwa mwinjilisti kule visiwani, kipindupindu kikamaliza nusu ya kambi ya wavuvi? Mimi nilikuwa na miaka kumi na minane, nakumbuka kila kitu. Baba aliingia uani amembeba mtoto wa miaka mitatu ndani ya koti lake. Mtoto nywele zimenyonyoka kwa utapiamlo, hajui neno la Kihaya, baba yake Msukuma kazama ziwani, mama yake kafukiwa juzi. Baba akamwambia Mama, "Mungu ametuletea wa tatu." Mama akaingia jikoni. Aliponda ndizi, akampakata.

Wanaukoo walipokuja kunung'unika, unakumbuka jibu la Baba. "Baba ni mmoja, yuko juu, na kila ukoo hapa duniani umepata jina kwake. Sisi wengine tunakaimu tu." Wakacheka, wakasema mwinjilisti amejipa cheo cha kaimu baba. Lakini mtoto alibatizwa, akakaa.

Sasa sikia. Rozi, mama anayeuza dagaa hapa Miembeni, amemwona Mihayo kisiwani Bumbire. Anatengeneza nyavu na anaongoza ibada kwenye kanisa lao la mabati. Amekonda. Hakumwuliza Rozi habari za mtu yeyote.

Kwa hiyo kisingizio cha kutojua alipo kimekwisha. Nenda, kaka. Asiyekuwepo na lake halipo, ndivyo mlivyofanya tangu Machi. Kama Mama anatuona, sijui anatutazamaje.

Judica


Kamachumu
27 Oktoba 2024

Mdogo wangu Judica,

Nimechelewa kujibu. Sikuumwa, na karatasi haikuniishia. Huku mvua zimeanza vizuri, maharage yameota, Celina mzima, na jirani yetu Selestine ameoza binti yake wa mwisho. Harusi hiyo ndiyo iliyonichelewesha.

Nilitoa koti langu jeusi nilivae. Sikuwa nimelivaa tangu tumzike Mama. Mfukoni nikaikuta karatasi ya wasifu.

Mwandiko ni wako, Judica. Uliandika: "Ameacha watoto watatu, Rwekaza, Judica na Mihayo." Kisha ukapiga mstari juu ya neno watatu, ukapiga mwingine juu ya jina lake, na pembeni ukaandika wawili. Mistari yote miwili imenyooka. Mwisho wa ule wa pili wino umechuruzika.

Nimezirudia barua zako. Unasema "ulisomwa wasifu". Unasema "mlivyofanya". Hakuna mahali unaposema nani aliuandika.

Lakini nami nisijifiche nyuma ya miwani. Niliona. Jina lililofutwa lilisomeka vizuri kabisa. Nilisita pale kaburini, watu wakadhani nalia. Baba mdogo Rutaihwa alikuwa amenikazia macho. Mihayo naye alikuwa ananitazama, anangoja jina lake kama mtoto anavyongoja jina lake kwenye mahudhurio. Nikasoma wawili. Nimefundisha hesabu miaka thelathini na minne, na siku ya kumzika mama yangu nikashindwa kuhesabu mpaka tatu.

Tangu siku hiyo sijakwenda kwenye Meza ya Bwana. Mchungaji anadhani nina matatizo ya tumbo, na mimi nimemwacha aendelee kudhani hivyo.

Mficha maradhi, kifo kitamfichua. Mimi nimeanza. Sasa ni wewe.

Rwekaza


Miembeni
15 Desemba 2024

Kaka yangu,

Binti yangu Hellen ana mimba, miezi mitano sasa, mtoto anacheza vizuri. Senene mwaka huu wameanguka wachache, hata hivyo nimekukaangia kopo moja, Oliva atakuletea. Umwambie Celina asiwafiche.

Barua hii nimeianza mara nne.

Ni mimi. Asubuhi ya maziko nilikuwa nimekaa chumbani kwa Mama naandika. Nilikuwa nimeshamaliza, na nilikuwa nimeandika watatu bila hata kufikiri, kwa sababu ndivyo tulivyo. Baba mdogo Rutaihwa akaingia, akaisoma. Akasema, "Waitu, mwanetu Judica, hiyo si karatasi tu. Akitajwa mtoto mbele ya ukoo na usharika, mashahidi ni watu mia tatu. Kesho atadai theluthi ya kibanja, shamba lote la baba yenu. Na ile sehemu ya barabarani uliyomwombea Saburi ajenge, si ndiyo anayoilima yeye? Itakuwa yake." Akatoka. Hakuniambia nifute.

Nikafuta.

Nilijiambia Mungu anawajua watoto wa Mama ni wangapi, karatasi ya mwanadamu haitampunguzia kitu. Kaka, nilimtumia Mungu kumwondoa mtu ambaye Mungu mwenyewe alituletea mlangoni. Halafu nikakungoja wewe usome, na ulipokwisha kusoma nikaanza kukuchukia. Kukulaumu kulinipa usingizi. Kila barua niliyokuandikia nililala vizuri siku hiyo.

Wiki iliyopita nilimwambia Saburi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema kile kiwanja hakitaki hata bure. Anaingia na kutoka, hanisemeshi. Mjomba wake Mihayo ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli.

Nenda Bumbire, nakuomba. Najua ningepaswa kwenda mwenyewe. Sina uso wa kumtazama.

Judica


Kamachumu
19 Januari 2025

Mdogo wangu Judica,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa watoto. Senene nimewapata, ni kweli Celina aliwaficha. Barua yako niliisoma mara moja tu, inatosha. Sina la kukuongezea juu ya yale unayojiambia mwenyewe.

Tarehe pili nilikwenda. Boti ilituyumbisha, nikatapika chakula chote cha mwaka mpya mbele ya wachuuzi wa samaki, mmoja akanishikia miwani. Kambi ni vibanda vya mabati na dagaa walioanikwa mpaka mlangoni mwa kanisa. Watu wametoka kila mahali, Wasukuma, Wakerewe, Wajita, Wahaya wenzetu, na kila mmoja amewaacha watu wake upande wa pili wa maji. Nilipomtaja Mihayo, mwanamke mmoja aliniuliza, "Yule ndugu wa marehemu?"

Nilishtuka nikidhani kafiwa. Kumbe ndivyo wanavyomwita. Mvuvi akifa pale na hana mtu, zamani walikuwa wanamfukia haraka na kurudi majini. Mihayo aliwakataza. Anauliza jina la mtu, anauliza alikotoka, analiandika kwenye ubao. Siku ya maziko anasimama upande wa wafiwa, peke yake ikibidi. Anapokea pole, anatupa udongo wa kwanza. Wamezika saba tangu afike. Wote saba wamezikwa wakiwa na ndugu.

Nilimkuta anashona wavu. Akasimama, akasema, "Shikamoo mzee." Judica, huyo tangu utoto hajaniita isipokuwa kaka. Nilitaka kupiga magoti, akanishika mikono kabla sijafika chini. Akanipikia sato, akaninawisha. Nilimwambia yote, langu na lako. Hakushangaa.

Akaniambia, "Nimewasamehe siku nyingi. Nilipofika hapa nililia mwezi mzima, baadaye nikakumbuka maneno ya Baba. Yeye alikuwa anakaimu. Kwa hiyo jina langu limetoka kwenye karatasi ya kaimu. Mwenyewe hajanifuta."

Nikamwomba arudi. Akasema atakuja Pasaka kutusalimia. Nimekwisha kuishika ahadi hiyo kwa mikono miwili. Celina ameanza kupaka chokaa chumba chake, na mimi nimemwambia baba mdogo Rutaihwa kwamba sehemu ya barabarani ina mwenyewe. Ameninunia. Na anune.

Njoo Pasaka, Judica. Tuwe watatu.

Rwekaza


Kamachumu
22 Aprili 2025

Mdogo wangu Judica,

Hongera kwa mjukuu, na mpe Hellen pole ya uzazi. Najua kwamba mtoto alizaliwa Jumanne na wewe ungeweza kufika Jumamosi. Sikulaumu. Nakuambia tu kwamba tulikungoja.

Alikuja Jumamosi saa nane mchana. Nilimwona anapita kati ya migomba, nikatoka mbio mpaka ukumbini. Akasimama nje, akapiga hodi. Nyumba aliyoiezeka kwa mikono yake, Judica, amesimama mlangoni anangoja kukaribishwa. Akapiga hodi tena, taratibu, kama mtu asiyetaka kusumbua.

Alituletea samaki wakavu, kama mgeni anavyoleta. Celina hakujua afanye nini, akatoa kahawa ya kutafuna kwenye kile kikapu cha wageni. Mihayo akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Celina akaenda jikoni, nikamsikia analia kwenye moshi. Usiku alilala kwenye chumba kile cha chokaa mpya, na asubuhi tulikuta kitanda kimetandikwa na begi limefungwa.

Jumapili tukaenda kanisani. Wakati wa matangazo mzee wa kanisa akasema, kama kawaida, "Wageni wasimame wajitambulishe." Mihayo akasimama. Kanisa alimobatizwa. Akasema, "Bwana asifiwe. Naitwa Mihayo, natoka kisiwani Bumbire. Nimewaletea salamu za Wakristo wa huko." Akakaa. Hakusema kwa uchungu, na hilo ndilo lililoniumiza.

Nikamwomba mchungaji ruhusa, nikasimama mbele na karatasi ile ile. Nikasoma kwa sauti: mama yetu ameacha watoto watatu, Rwekaza, Judica na Mihayo. Nikasema kwamba nilidanganya juu ya kaburi lake. Watu walilia. Baba mdogo Rutaihwa alitoka nje. Wewe sikukutaja, hilo nimekuachia mwenyewe. Mihayo aliinamisha kichwa mpaka nilipomaliza, na tulipotoka akanipa mkono, akasema, "Asante, mzee."

Jioni akaniomba ruhusa aende makaburini. Ruhusa, Judica. Tukaenda pamoja. Nikamwambia ardhi yake ipo, chumba kipo, arudi. Akasema, "Mungu alinipa ukoo mara ya kwanza kwenye koti la Baba. Ameshanipa mara ya pili kule kisiwani. Siwezi kumwambia hawa wa pili nimewaacha. Nao hawana mtu." Akasema pia kwamba kusamehe amesamehe, ila kila akiiona njia ya kushuka nyumbani, miguu inakuwa mizito. Nililia mbele yake kama mtoto. Alinishika bega mpaka nikanyamaza.

Kisha akakuulizia. Nikamwambia Hellen amejifungua. Akasema, "Mwambieni dada asiniogope. Nilijua tangu asubuhi ile. Nilikuwa nimesimama nyuma yake alipofuta."

Alijua. Akaenda kuchimba kaburi, akabeba jeneza, na alijua.

Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akanijibu, "Nilidhani wewe ukifika pale utalisoma lililofutwa."

Ameondoka jana asubuhi. Nimeshindwa kula tangu hapo.

Kaka yako,
Rwekaza


Miembeni
4 Mei 2025

Kaka,

Mtoto mzima. Hellen mzima. Saburi ameanza kunisalimia.

Nilipoisoma barua yako nilikaa sakafuni, nikajaribu kukumbuka nani alikuwa chumbani asubuhi ile. Siku zote nimekuwa nikijiambia nilikuwa peke yangu. Sasa nimekumbuka. Baba mdogo alipotoka, Mihayo aliingia kuchukua shuka la Mama akalifue. Sikugeuka. Nilikuwa napiga mstari wa pili, kalamu ikachuruza wino.

Akaniuliza, "Dada, nikuletee kalamu nyingine?"

Nikamwambia, "Hapana, nimeshamaliza."

Judica